Mkataba hadi 2028, mbona uvumi hauishi?
Mkuu, umeuliza kwa nini Max Verstappen, dereva wa mbio za magari za Formula 1, anahusishwa na timu ya Mercedes wakati mkataba wake na timu ya Red Bull ni hadi 2028. Mikataba ya Formula 1 mara nyingi huwa na vipengele vinavyomruhusu dereva kuondoka mapema, na hapo ndipo uvumi unapopata pa kuingilia. Mkumbuke dereva Lewis Hamilton: Agosti 2023 ilitangazwa anabaki Mercedes hadi 2025, lakini Februari 1, 2024, hata msimu haujaanza, timu ya Ferrari wakamtangaza kuwa dereva wao wa 2025! Habari ile niliisoma mara tatu. Aliyeumia ni Carlos Sainz, dereva wa Ferrari ambaye nafasi yake alipewa Hamilton. Alianza msimu wa 2024 akijua kiti cha mwaka unaofuata hana, akashinda mbio za Australia siku 16 tu baada ya upasuaji wa kidole tumbo, akishuka garini taratibu, na bado akaishia Williams, timu iliyokuwa dhaifu zaidi. Hilo linaniuma mpaka leo.