Supu inachemka au inachemsha?

SWALI: Naandika maelekezo ya kupika supu ya mifupa nyumbani. Niliandika, "Supu ikichemsha, punguza moto." Mhariri akabadilisha, ikawa "ikichemka". Mbona kila siku nasikia watu wakisema maji yanachemsha? Na hiyo mifupa, nayo inachemka?

JIBU: Mhariri wako yuko sahihi. Kuchemka ni jambo linalokipata kitu chenyewe: maji yanachemka, maziwa yanachemka, supu inachemka. Ukitia -sh- mahali pa -k- unapata kitenzi cha kusababisha, nacho kinadai mtenda na mtendwa: mpishi anachemsha supu. Ndivyo ilivyo kwa waka na washa, kauka na kausha, amka na amsha. Hatusemi "mtoto ameamsha" tukimaanisha ameacha usingizi.

Nadhani kosa hili linalelewa na maelekezo ya mapishi yenyewe. Tazama sentensi hizi: "Ichemshe kwa moto mdogo" na "Iache ichemke kwa moto mdogo". Zote ni sahihi, lakini i- ya "ichemshe" ni ya mtendwa, maana wewe ndiye unayeambiwa uichemshe supu. I- ya "ichemke" ni ya mtenda: supu yenyewe inachemka. Kwa kuwa viambishi hivyo vinafanana kwa sura na kwa sauti, mwandishi akiharakisha anavichanganya na kuandika "iache ichemshe". Hapo msomaji makini ana haki ya kuuliza: ichemshe nini?

Mifupa haichemki, kinachochemka ni maji. Mifupa inachemshwa, kwa hiyo "chemsha mifupa" haina kasoro. Inachemshwa kwa saa nyingi ili kolajeni, yaani protini iliyomo kwenye gegedu na kano, igeuke jeletini, kitu kinachogandisha supu, na ndiyo sababu supu nzuri ya mifupa huganda ikipoa. Kanuni ni ileile hapo pia: supu inaganda, friza inaigandisha. Ukiandika "supu itagandisha" umerudi kwenye kosa la mwanzo.

Nakuomba pia usitumie "tokota" katika maelekezo haya. Ni neno zuri mno, lakini mimi nikilisikia naona sufuria inayobubujika kwa nguvu, na supu ya mifupa haitaki hivyo. Ikichemka kwa kishindo, mafuta huvurugika na kuchanganyika na maji, ikawa na ukungu badala ya kung'aa. "Chemka polepole" inatosha, hasa ukimwambia msomaji ataona nini: viputo vichache vinavyopanda kimoja kimoja.

Kwa mifupa ya ng'ombe, basi, ningeandika hivi: "Supu ikianza kuchemka, engua povu, punguza moto, kisha iache ichemke polepole kwa saa 6 au zaidi. Iepue, ichuje, iache ipoe."

Na usije ukaandika "iache ichuje". Supu haijichuji, unaichuja wewe.