Kabla hujapiga Windows upya, ipime kompyuta yako

Kompyuta ikianza kustaki, yaani kuganda, ushauri wa kwanza utakaoupata mtaani ni kupiga Windows upya. Tatizo likirudi baada ya wiki mbili, unaambiwa mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, imekufa. Kati ya ushauri wa kwanza na wa pili hakuna aliyepima kitu. Ni kama kumeza dawa ya malaria kwa sababu tu kichwa kinauma: huenda ukapata nafuu, na huenda ugonjwa ni mwingine kabisa. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwasaidia ndugu, majirani na wenye maduka ya stationery hapa Dar es Salaam kompyuta zao zinaposumbua, na neno langu kwao ni lilelile. Programu za kupima vifaa zipo, nyingi ni za bure, na ukizitumia kwa mpangilio mzuri zinaokoa pesa. Zaidi ya pesa, zinaokoa mafaili.

Mpangilio huo unaanza na diski. RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ikifa unanunua nyingine, lakini diski ikifa inaondoka na picha za harusi, tasnifu na hesabu za duka. Kwa hiyo hata kama dalili zote zinaelekea kwingine, mimi husoma diski kwanza. Kwenye Windows natumia CrystalDiskInfo. Kwenye Linux kuna smartctl. Zote mbili zinasoma kumbukumbu inayoitwa SMART, ambayo diski yenyewe hujiandikia kuhusu afya yake. Haichukui hata dakika tano.

Ukiifungua CrystalDiskInfo utaona neno Good, Caution au Bad. Usiishie hapo, soma namba zilizo chini yake. Kwanza ingia menyu ya Function, kisha Advanced Feature, kisha Raw Values, uchague 10 [DEC], maana bila hivyo namba huandikwa kwa mfumo wa hexadesimali, unaochanganya tarakimu na herufi, na huwatisha watu bure. Kwa diski yenye sahani zinazozunguka, mimi huangalia mistari minne. Mstari wa 05 unahesabu sekta (vipande vidogo vya diski vinavyohifadhi data) zilizoharibika ambazo diski imeshazihamishia kwenye akiba yake. C5 unahesabu sekta ilizoshindwa kuzisoma na bado zinasubiri uamuzi. C6 ni zile zilizoshindikana kabisa kusomwa au kusahihishwa. C7 unahesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na mazabodi, na huu una habari yake ambayo nitaieleza.

Watu huniuliza kama sekta chache mbovu ni jambo la kuhangaikia. Ndiyo. Mwaka 2007 watafiti wa Google, Eduardo Pinheiro na wenzake, walichapisha matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya 100,000. Waliona kwamba diski ikishahamisha sekta yake ya kwanza, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 unakuwa zaidi ya mara 14 ukilinganisha na diski ambayo haijahamisha hata moja. Walikuta pia kwamba zaidi ya asilimia 36 ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili yoyote kwenye SMART, ukiacha joto. Hayo mawili yashike pamoja. SMART ikilalamika, iamini na uhamishe mafaili leo hii. SMART ikinyamaza, hujapewa dhamana, nakala ya pembeni bado unaihitaji.

Kuna kosa moja ninaloliona mara kwa mara na linaniuma. Mtu anaona diski inasumbua, anakimbilia amri ya chkdsk /r kwa sababu amesoma mahali kwamba inatengeneza diski. Amri hiyo inailazimisha diski kupitia kila sekta, mwanzo hadi mwisho. Diski iliyo taabani inaweza kumalizikia hapohapo. Ukiona C5 si sifuri, kwanza nakili unavyovipenda, ukianza na visivyo na nakala mahali pengine. Majaribio mengine yote yasubiri.

Sasa ile habari ya C7. Mama mmoja mwenye duka la stationery alikuwa na kompyuta ya mezani iliyokuwa ikiganda katikati ya kazi, wateja wamesimama. Alishaambiwa anunue diski mpya na alikuwa ameanza kuweka pesa pembeni. Nilipoisoma diski, 05, C5 na C6 zote zilikuwa sifuri, lakini C7 ilikuwa na namba kubwa na ilizidi kupanda tulipokuwa tunanakili mafaili. Nikamwambia, “Mama, diski yako ni nzima. Tubadilishe waya kwanza.”

“Waya tu, mwanangu?”

“Waya tu, mama. Halafu hii namba tuiandike hapa kwenye daftari, nije niiangalie tena.”

Kuiandika ilikuwa lazima, kwa sababu C7 haishuki hata ukishatengeneza. Kinachoonyesha umepona ni namba kuacha kupanda. Niliporudi ilikuwa palepale tulipoiacha, na kompyuta haikuwa imeganda tena. Kwa hiyo ukikuta C7 imepanda na mistari mingine mitatu ni safi, shuku waya wa SATA, ule unaounganisha diski na mazabodi, au mahali unapochomekwa kabla hujatoa pesa ya diski.

Kwa SSD za NVMe, diski za kisasa zisizo na sahani, mambo ni mepesi zaidi. Angalia Percentage Used (asilimia ya umri iliyotumika), Available Spare (akiba iliyobaki) na hesabu ya makosa ya data. Hiyo ya mwisho ikianza kupanda, hamisha mafaili.

Diski ikishaonekana salama, naenda kwenye RAM. RAM mbovu ina tabia ya kujificha kwa sababu uharibifu wake hutokea popote. Mdogo wangu wa chuo alikuwa na laptopu iliyomletea skrini ya bluu yenye jina tofauti kila mara, kivinjari kikijifunga chenyewe, na faili la zip alilolipakua likigoma kufunguka leo na kufunguka kesho. Majina ya makosa yanapobadilikabadilika namna hiyo, wazo langu la kwanza ni RAM.

Windows ina kipimo chake cha ndani. Andika mdsched kwenye sehemu ya kutafuta na kitafunguka. Kinafaa kwa kuanzia, ila mimi naitegemea zaidi Memtest86+, ambayo unaiweka kwenye flashi na kuiwashia kompyuta humo. Vyote viwili hupima kompyuta ikiwashwa upya, kabla Windows haijawaka, maana Windows ikiwa inafanya kazi, yenyewe imekalia sehemu ya RAM, na sehemu hiyo haipimiki. Ukiwasha kwa flashi, karibu RAM yote iko wazi. Tumia toleo la 6 au jipya zaidi, maana hayo yanawaka kwenye kompyuta za UEFI, mfumo wa kuwashia wa kompyuta za kisasa. Ikikataa kuwaka huenda ukalazimika kuzima Secure Boot, kinga inayozuia programu zisizotambulika kuwaka, na hapo nakuomba uwe makini: kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kulinda data, hakikisha una ufunguo wake wa urejeshaji mkononi kabla ya kugusa mipangilio hiyo, la sivyo Windows inaweza kukuomba ufunguo huo usiku wa manane nawe huna.

Iache ipime usiku kucha. Kosa likipatikana, mstari unatokea na anwani ya mahali lilipo. Hakuna idadi ndogo inayokubalika; hata mstari mmoja maana yake kuna kitu kibovu. Laptopu ya mdogo wangu ilikuwa na RAM mbili na skrini ilijaa mistari ya makosa kabla hatujalala. Tulichomoa moja, tukapima nyingine peke yake, ikapita. Tukabadilishana, makosa yakarudi. Kisha ile yenye makosa tukaihamishia kwenye tundu la pili. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayotenganisha RAM mbovu na tundu bovu la mazabodi. Makosa yakaifuata RAM, kwa hiyo mazabodi ikawa haina hatia. Kabla ya kuitupa tuliifuta sehemu yake ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, maana huku pwani unyevu huweka utando pale. Tulipopima tena makosa yalikuwepo, basi tukanunua nyingine.

Joto ndilo chanzo kingine cha kompyuta kuwa nzito, na kwa Dar es Salaam yenye vumbi na hewa ya bahari linastahili kuangaliwa mapema. Programu ya HWiNFO inakuonyesha joto la sasa, la chini na la juu kabisa tangu ulipoifungua. Iwashe, fanya kazi zako za kawaida kwa nusu saa, kisha soma safu ya Maximum. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zina kikomo cha nyuzi 100 hivi, na zikikifikia zinajipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Mstari wa Thermal Throttling ukiandika Yes, RAM ya ziada haitakusaidia kitu. Safisha feni, badilisha pesti ya prosesa, upime tena na ulinganishe.

Kompyuta inapojizima ghafla, watu hufungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, wanakuta Kernel-Power 41, na papo hapo wanaenda kununua pawa saplai. Tukio hilo linasema tu kwamba kompyuta ilizimika bila kufungwa vizuri. Umeme ukikatika utaliona, ukishikilia kitufe cha kuzima utaliona. Lenye maana zaidi ni WHEA-Logger, kwa sababu hapo kifaa chenyewe kimeripoti hitilafu. Na namba za volti ambazo programu huonyesha usizitegemee sana. Waya wa volti 12 unatakiwa kuwa kati ya 11.4 na 12.6, na wa kukuambia ukweli ni fundi mwenye mita, au pawa saplai nyingine uliyo na uhakika nayo.

Kwa anayenunua laptopu iliyotumika, Kariakoo au kwingineko, nenda na flashi yenye CrystalDiskInfo. Angalia Power On Hours: mwaka mzima una saa 8,760, hivyo diski yenye saa 20,000 imekuwa kazini muda sawa na zaidi ya miaka miwili mfululizo, hata kama kava linang’aa. Kisha fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, na ufungue faili litakalotengenezwa. Linganisha Design Capacity (uwezo wa betri ilipokuwa mpya) na Full Charge Capacity (uwezo wake wa sasa). Ya kwanza ikiwa 50,000 na ya pili 21,000, betri imebaki na asilimia 42, na una haki ya kuomba bei ishuke. Muuzaji anayekukatalia kupima, muage kwa heshima uende duka jingine.

Programu hizi pakua kwenye tovuti za waliozitengeneza tu. Zile zinazojitangaza kwamba zitasafisha, zitaongeza kasi na kusasisha draiva zote kwa mpigo mmoja, mimi siziweki kwenye kompyuta ya mtu yeyote.

Kama Windows haiwaki kabisa, bado una pa kuanzia. Dell nyingi ukibonyeza F12 wakati nembo inatokea utakuta Diagnostics; HP nyingi zinatumia F2. Kifaa kikishindwa, zinatoa msimbo, kwa mfano 2000-0142 kwenye Dell unahusu diski iliyoshindwa kujipima. Piga picha ya msimbo huo kwa simu, pamoja na skrini ya CrystalDiskInfo na ya Memtest86+ kama ulifika huko. Ukienda kwa fundi, anza kwa kumwonyesha picha hizo, umweleze ulichopima na kilichopita, kisha umuulize yeye angepima nini kinachofuata kabla ya kushika bisibisi.