Baba apasuliwe pafu au apigwe mionzi?

SWALI: Daktari, shikamoo. Baba yangu ana miaka 69 na alivuta sigara tangu ujana. Picha ya CT imeonyesha uvimbe wa sentimita 2.4 pembeni mwa pafu la kulia, upande wa juu. Kinyama kilichopelekwa maabara kimethibitisha saratani, na wanasema ni hatua ya kwanza. Daktari wa upasuaji anataka kukata. Mwingine ametuambia ipo mionzi ya siku chache inayofanya kazi ileile. Ndugu wanasema mionzi ni ya walioshindikana, na kisu kinatawanya saratani. Baba akipanda ngazi, ghorofa ya pili lazima apumzike. Tuchague lipi? – Binti, Morogoro

JIBU: Marahaba, binti yangu. Ya ndugu tuyaweke kando kwanza. Kisu hakitawanyi saratani. Wengi walioonekana “kutawanyikiwa” walifika chumba cha upasuaji ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Mionzi nayo hupewa wasiopona ili kuwapunguzia maumivu, ni kweli, lakini hutumika pia kuponya.

Pafu la kulia lina sehemu tatu. Kwa miongo mingi upasuaji wa kawaida umekuwa kuondoa sehemu nzima yenye uvimbe pamoja na tezi za limfu za jirani, vile vinundu vidogo ambavyo saratani huweza kupitia ikisambaa. Utafiti wa Japani uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba uvimbe wa pembeni usiozidi sentimita 2 unaweza kuondolewa kwa kukata kipande kidogo zaidi, na mgonjwa asipungukiwe na umri. Wa baba umepita kidogo kipimo hicho, hivyo mkiambiwa sehemu nzima msishangae.

Mionzi mliyoelezwa ni ya kulenga: dozi kubwa kutoka pembe nyingi, mara nyingi vipindi 3 hadi 5, na mgonjwa analala kwake. Siyo ile ya kila siku kwa wiki sita. Ulizeni hospitali yenu inatoa ipi, kwa maana tofauti ni kubwa. Katika utafiti wa Australia na New Zealand uliotoka 2019, uvimbe ulikua tena palepale kwa asilimia 14 ya waliopata mionzi ya kulenga, na asilimia 31 ya waliopata ile ya siku nyingi. Kama iliyopo ni hii ya pili tu, basi mlinganisho wenu na upasuaji umebadilika kabisa.

Mtakapotafuta takwimu mtandaoni mtatishika. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2010 wa wagonjwa 55 waliopigwa mionzi ya kulenga. Baada ya miaka mitatu, uvimbe wenyewe ulikuwa umedhibitiwa kwa karibu asilimia 98, lakini waliokuwa hai walikuwa asilimia 56 tu. Ukisoma haraka utasema mionzi haifai. Soma tena: hao walikuwa watu wasioweza kupasuliwa kwa sababu ya maradhi mengine, hasa ya moyo na mapafu. Kuwapima na wagonjwa wa upasuaji, ambao huchaguliwa kwa uzima wao, si haki. Majaribio kadhaa ya kuwagawa kwa kura wagonjwa wanaofaa kupasuliwa, wengine kisu na wengine mionzi, yalifungwa mapema kwa kukosa watu; nani akubali kura imwamulie kati ya kisu na mashine? Huko Houston, Marekani, wagonjwa 80 waliofaa kupasuliwa walipewa mionzi badala yake, na matokeo yaliyotolewa 2021 yalionyesha asilimia 91 wakiwa hai baada ya miaka mitatu, sawa na kundi la upasuaji walilolinganishwa nalo. Ila tezi zao zilikaguliwa kwa makini kabla ya kuanza.

Hapo kwenye tezi ndipo penye uamuzi wangu. Mimi ni daktari wa mionzi, lakini mgonjwa mwenye kifua imara humwelekeza kwanza kwa mpasuaji. Picha huweza kukosa saratani ndogo iliyojificha kwenye tezi. Mpasuaji anazitoa, maabara inazisoma, na zikikutwa na ugonjwa, dawa zinaongezwa. Mionzi inapiga kile tu kilichoonekana.

Sasa hizo ngazi za baba. Kabla ya kuchagua chochote apimwe nguvu ya mapafu kwa kile kipimo cha kupuliza, na moyo uangaliwe. Hesabu ikionyesha kwamba baada ya kukatwa atabaki na chini ya asilimia 40 ya uwezo unaotarajiwa kwa mtu wa umri wake, hatari ya kisu ni kubwa na ningechagua mionzi bila kusita. Katika hospitali zenye uzoefu, mgonjwa 1 au 2 kati ya 100 hufariki ndani ya mwezi wa upasuaji huu. Mapafu yakiwa mabovu idadi hupanda. Mionzi huleta uchovu, pengine maumivu ya mbavu kwa kuwa uvimbe uko pembeni, na kikohozi au kubanwa pumzi miezi kadhaa baadaye. Kovu lake pia huonekana kwenye CT kana kwamba uvimbe umerudi, kwa hiyo picha zote zitunzwe na zisomwe na mtu anayejua alipigwa mionzi.

Ombeni madaktari hao wawili wakae pamoja na majibu ya kupuliza mezani. Wiki chache za vipimo hazina neno. Miezi ya vikao vya ukoo ina neno. Na kama bado anavuta, aache sasa, maana hata mpasuaji atamtaka aache kabla ya kumlaza.