Mnaoshangilia Uchaguzi wa Waingereza Ni Nyie, Mwenye Viza Ni Mimi

Mjomba, shikamoo.

Nimeisikiliza sauti uliyotuma kwenye kundi la familia, nikairudia tena ili nisije nikakusingizia. Unasema tangu Labour washinde uchaguzi huku Uingereza mambo yamelegea, kwamba hicho ni chama cha wanyonge na rafiki wa Afrika tangu enzi za Mwalimu, na kwamba kuna wakala pale Tanga mjini anapeleka watu kutunza wazee, kwa hiyo kiwanja cha Muheza kiuzwe ili binti yako apande ndege. Ukamalizia: "Wewe uko ndani, tueleze hali." Haya, naeleza. Na kwa kuwa naulizwa hivyohivyo na watu wengi, nayaandika hadharani, kila mtu asome.

Tuanze na huo urafiki. Wewe ni mwalimu wa historia mstaafu, lakini leo nakukumbusha mimi. Tulipopata Uhuru 1961, waliokuwa madarakani London ni chama kingine, Conservative, chini ya waziri mkuu Macmillan. Mwalimu alipovunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza Desemba 1965 kwa sababu haikuwazuia walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), waziri mkuu alikuwa Harold Wilson wa Labour. Na ni Labour hao hao walioharakisha sheria ya 1968 kuwazuia Wahindi wa Kenya wasiingie huku, watu waliokuwa na pasipoti za Uingereza mkononi. Wahindi wa Uganda waliofukuzwa na Amin 1972 walipokelewa na Conservative. Sasa huo urafiki wa chama uliusoma kitabu gani?

Halafu mnakumbuka Oktoba 2022, Sunak wa Conservative alipoingia uwaziri mkuu? Kundi zima lilijaa vigelegele. Mama yake kazaliwa Tanganyika, baba yake Kenya, "mtoto wetu huyo!" Ni kweli, wazazi wake walitokea kwetu. Baba yake Suella Braverman naye alitokea Kenya, na huyo mama akiwa waziri wa mambo ya ndani alisema hadharani kuwa ndoto yake ni kuona ndege ya kupeleka wakimbizi Rwanda imeruka. Chini ya huyo "mtoto wetu", kuanzia tarehe 11 Machi 2024, mtu mpya anayekuja kwa kazi ya kea, yaani hii ya kutunza wazee, hakuruhusiwa tena kuja na mume wala mtoto. Siwatukani. Hao ni Waingereza, wanatafuta kura za Waingereza. Ninachoomba tu msinipigie simu kunipongeza kila mwenye asili ya Afrika Mashariki akipata cheo huku.

Sasa uchaguzi wenyewe. Tarehe 4 Julai 2024 nilipiga kura. Naam, mimi. Hili hamlijui, na hata wenzangu wengi huku hawalijui: raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kwa viza halali anaruhusiwa kujiandikisha na kumchagua mbunge. Mtanzania, Mkenya, Mganda, hata Mnyarwanda tangu nchi yake ijiunge 2009. Dada wa Kikongo ninayeingia naye shifti hana kura. Jirani yangu Mpolandi, mwenye nyumba yake na watoto waliozaliwa hapa, hana kura ya ubunge. Mimi ninayeishi kwa viza ya kuhesabiwa miezi ninayo.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya kazi kama nyingine. Kituo kilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa hapa Doncaster. Nikatoa pasipoti yangu yenye Bibi na Bwana na Uhuru na Umoja, mama wa kituoni akalitafuta jina kwenye orodha, akanipa karatasi. Kibandani kuna penseli imefungwa kwa uzi. Penseli, Mjomba! Hakuna wino kidoleni, hakuna bunduki mlangoni, hakuna mtu wa kulala na sanduku. Nje kuna mbwa wamefungwa wanawasubiri wenye kura zao. Kesho yake mchana Sunak kashaaga, Starmer wa Labour katoka kwa Mfalme na kaingia Downing Street, nyumba ya waziri mkuu, na magari ya kuhamisha mizigo hayakumsubiri mtu. Hilo mlilisifia sana, na mimi nalisifia. Sitawaficha, lilinipa wivu.

Ila msikomee hapo kwenye magari ya mizigo. Labour walipata asilimia 33.7 ya kura, wakazoa viti 411 kati ya 650. Kwa idadi ya kura walipata chache kuliko 2019, mwaka waliochapwa vibaya. Reform, chama cha Farage kinachopinga wageni, walipata kura zaidi ya milioni nne na viti vitano. Chama kingine, Liberal Democrats, waliopata kura pungufu ya hizo, wakaondoka na viti 72. Kwa hiyo Labour waliingia ikulu yao wakiwa wanageuka nyuma kila hatua, kwa sababu walijua zile kura milioni nne hazikupotea. Zinasubiri. Na mimi naona kuwa tangu siku ile ni hizo ndizo zinazotutawala sisi wageni, kuliko waziri yeyote mliyemshangilia.

Mnataka kuzijua hizo kura zina sura gani? Ninamhudumia bibi mmoja. Namwamsha, namwosha, namvalisha, namkatia mkate vipande vidogo. Ananipenda kwelikweli, akiniona anauliza kama nimekula. Wiki za kampeni televisheni yake ilikuwa haizimwi: boti za mpira zinavuka mlango wa bahari, hoteli, Farage, boti tena. Siku moja ananiambia wageni wamezidi, nchi imejaa, warudishwe. Mimi nimepiga magoti namvalisha soksi. Akaona nimenyamaza, akanishika bega: siyo wewe mpenzi, wewe unafanya kazi. Baadaye akanipa bahasha ya kura yake ya posta nikaitumbukize kwenye sanduku jekundu pale kona. Alishaniambia kampigia nani, wala hakuona haya. Nikaichukua, nikaitumbukiza. Ningefanyaje? Ni kura yake. Lakini msiniulize tena kwa nini nikipiga simu jioni sauti iko chini.

Mwezi mmoja baada ya ushindi wenu wa Labour, baada ya watoto kuuawa kwa kisu kule Southport, watu walimwagika barabarani kwa uvumi kuwa muuaji ni mkimbizi aliyekuja kwa boti. Tarehe 4 Agosti walijaribu kuichoma moto hoteli yenye waomba hifadhi, si mbali na hapa kwangu, upande wa Rotherham. Kazini tukaambiwa tusitembee peke yetu. Nilivua sare kwenye choo cha kituo cha basi nikavaa kofia ya jaketi hadi nyumbani, mwezi wa nane, jua linawaka. Serikali iliwafunga wale watu upesi, nawapa haki yao. Mradi wa Rwanda nao waliuzika siku za mwanzo kabisa. Pauni milioni 700 zilikuwa zimeshateketea, na waliokwenda ni watu wanne, tena wa hiari. Hapo nilipiga makofi peke yangu jikoni.

Makofi yale hayakudumu. Mei 2025 Reform walichukua baraza la mji wetu huu wa Doncaster. Meya wa Labour kaponea kwa kura 698. Siku chache tu baadaye Starmer akasimama akasema nchi iko hatarini kuwa kisiwa cha watu wasiojuana. Baadaye alisema anajutia maneno hayo, lakini waraka wa uhamiaji alioutoa siku ile haujutii. Tarehe 22 Julai 2025 mlango wa kea kutoka nje ukafungwa. Sikiliza vizuri Mjomba: umefungwa. Mwajiri haruhusiwi tena kumleta mtu kutoka Tanga kuja kutunza wazee. Waliofunga ni hao hao Labour, chama cha wanyonge. Huyo wakala wako anauza tiketi ya gari lililokwishaondoka.

Na hapa ndipo panaponiuma, basi nitakaa hapo kidogo. Viza yangu si yangu. Imefungwa kwa mwajiri. Mwajiri akinyang'anywa kibali cha kudhamini wageni, Uhamiaji wanakutumia barua: una siku 60 utafute mdhamini mwingine au uondoke. Nilishaipata barua hiyo. Kampuni iliyonileta ilikuwa na ofisi juu ya duka la mazulia na wateja wachache kuliko wafanyakazi. Wenzangu wawili walikuwa wameuza mashamba kwao kuwalipa mawakala. Serikali yenyewe imesema kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 ilifuta vibali zaidi ya 470 vya kampuni za kea, na wafanyakazi walioguswa ni zaidi ya 39,000. Siku zile nilikuwa nawatumia hela kama kawaida, nikiwaambia "niko salama, baridi tu". Hela ya dawa za mama haikukatika hata mwezi mmoja. Nilikula wali na maharage ya kopo na kuwapigia watu nisiowajua kuwaomba wanidhamini. Ndiyo maana yule binamu wa Dar aliponiandikia "mnakula bata huko, changia harusi" nilimzuia asinipigie. Mwambieni nimeshamfungulia.

Tulikuwa tunahesabu miaka mitano, halafu unaomba ukaazi wa kudumu, unalipa pauni 3,029 (bei ya 2025), unapumua. Waraka ule wa Mei 2025 ukasema iwe miaka 10. Je, sisi ambao tumeshaanza kuhesabu? Walipoutoa hawakusema. Kila mtu akawa anasoma tetesi kwenye simu wakati wa chai. Na nikwambie siri nyingine ya watu wa ughaibuni: kuna Watanzania wenzetu hapa, wana pasipoti ya bluu ya Kiingereza tayari, na wanaunga mkono mlango ufungwe. Wanasema watu wakijaa mishahara itashuka. Mmoja wao aliingia miaka ya tisini kwa kujilipua, yaani kuomba hifadhi kwa uongo, akajiita Mrundi mbele ya Uhamiaji, leo ananieleza mimi mwenye viza halali kuhusu kufuata taratibu! Nilicheka hadi nikakohoa.

Kwa hiyo, asije. Binti yako ana kazi zahanati, analala kwake, jina lake wanalitamka bila kulivunja. Huku atakuwa "yule wa shifti ya usiku".

Lakini pia nisikudanganye. Kwa mshahara huu nimeezeka nyumba ya mama, na mdogo wangu kamaliza chuo. Nisingeyafanya hayo nikiwa Muheza, wewe unajua na mimi najua. Kwa hiyo kama ana roho ngumu, njia ya wauguzi bado ipo, ila haipiti kwa wakala wa Tanga. Asajiliwe na Baraza la Wauguzi huko nyumbani, afanye mtihani wa Kiingereza, kisha ule wa uuguzi unaofanywa kwenye kompyuta, ambao anaufanya kabla ya kupanda ndege, akifika huku anafanya wa vitendo. Hospitali ikimtaka itamdhamini bila kumwomba bei ya kiwanja. Mtu yeyote anayekuuzia barua ya udhamini anakuibia, hata akija na picha ya Starmer ukutani. Atajichosha miaka miwili kwa mitihani. Afadhali achoke kwa mitihani. Au asichoke, abaki, aolewe. Mimi sijui, muulize mwenyewe.

La mwisho ni lile swali la shangazi kabla ya uchaguzi wetu wa Tanzania wa 2025: "Oktoba unarudi kupiga kura?" Sikurudi, nauli sikuwa nayo. Na nikibaki huku sina pa kupigia. Wakenya nawaonea wivu, 2022 walipanga foleni ubalozini kwao London wakamchagua rais. Mtanzania akivuka mpaka kura inabaki uwanja wa ndege. Kwa hiyo mimi namchagua mbunge wa Doncaster ambaye chama chake kinanihesabia miaka, na simchagui diwani wa kata anapolala mama yangu. Mengine ya nyumbani nayaacha, simu hizi zina masikio.

Kiwanja kisiuzwe. Binti yako anitumie vyeti vyote, na matokeo ya kidato cha nne, avipige picha vizuri siyo gizani. Na namba ya huyo wakala nitumie leo leo, nataka kumpigia mimi mwenyewe.