Kwa mnaoanza maabara ya mimea dawa hapa Dodoma

Karibuni sana. Najua wengi wenu mmefika na mti wenu tayari, ule ambao mzee fulani wa Bahi au Chamwino anausifia kwa kutibu uvimbe wa saratani. Njia hiyo ina heshima yake. Vinkristini, dawa wanayopewa watoto wenye saratani ya damu, inatoka kwenye Catharanthus roseus, lile ua la rangi ya waridi tunalopanda uani. Ila kupata gramu moja tu kunadai mamia ya kilo za majani makavu, na majani hayohayo mtu akiyachemsha na kunywa ni sumu.

Kazi inaanzia porini. Kata tawi lenye maua au matunda, libane kwenye magazeti, andika mahali na tarehe, kisha lipeleke hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, likatambuliwe, maana jina moja la kienyeji laweza kushika miti miwili. Majani anikeni kivulini, tena ndani. Kiangazi upepo wetu unabeba vumbi, na likiingia kwenye unga, uzito unaopima si wa mmea peke yake.

Kwenye seli ndipo ninapokuwa mkali. Dondoo la mmea likiua seli za HeLa, yaani seli za saratani ya mlango wa kizazi zinazokuzwa maabara, usikimbilie kuandika kwamba linatibu. Spiriti nayo inaziua. Pima sambamba seli zisizo za saratani, mathalani Vero za figo ya tumbili, ulinganishe kiwango kinachoua nusu ya hizi na nusu ya zile. Vikikaribiana, ulichopata ni sumu ya kawaida. Tenga pia vishimo vya sahani ya seli vyenye DMSO pekee, yaani kile kiyeyushi cha dondoo, kwani kiyeyushi kikizidi kinaua chenyewe.

Chukueni zabibu zetu. Kemikali ya resveratroli iliyo kwenye ganda lake huzuia aina nyingi za seli za saratani maabara, lakini ukiimeza, utumbo na ini huibadilisha upesi mno, ikafika kidogo sana kwenye damu. Ndiyo maana inaniuma nikisikia juisi ya zabibu inauzwa kama kinga ya saratani. Kwa saratani ya mlango wa kizazi kinga ipo: chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo, ambayo wasichana wa Tanzania wanapewa nchi nzima tangu 2018.

Vijijini wagonjwa watawaomba dawa. Msitoe hata chupa moja. Mwambieni mgonjwa asiache kliniki, na amtajie daktari kila mtishamba anaokunywa, kwa sababu mingine hulifanya ini liondoe dawa za hospitali kabla hazijafanya kazi. Na yule mzee aliyewaonyesha mti, rudini mkamweleze mlichokuta, hata kama hamkukuta kitu.