Popobawa hana pointi za uhai

SWALI: Anko shikamoo. Mimi na washkaji zangu wanne kila Jumamosi tunacheza gemu la kuigiza la mezani, lile la Dungeons & Dragons, mmoja anasimulia wengine wanakuwa wahusika na dadu la pande 20 ndo linaamua. Tumechoka na madragoni na ngome za Wazungu, nikaandika stori ya Popobawa, yule shetani wa Zanzibar, nikampa mabawa, kucha na pointi 80 za uhai, zikiisha anakufa, jamaa wakamuua ndani ya robo saa halafu mmoja akapiga miayo. Nimekosea wapi? Na bibi yangu, mtu wa Tanga, hataki kabisa hayo mambo yachezewe nyumbani kwake.
Msimuliaji, Temeke

JIBU: Marahaba mwanangu. Umemfanya Popobawa kuku mkubwa, ndo kosa lako. Jina ni popo na bawa, sawa, ila mwaka 1995 kule Pemba wengi hawakuona bawa wala nini, walisikia tu, na kusikia ndo kulikowatoa vyumbani wakalala nje wamebanana mikekani moto unawaka mpaka alfajiri. Habari ikavuka Unguja, ikafika mpaka huko kwenu Dar, na mwaka wenyewe ndo ule wa uchaguzi wa vyama vingi, watu walishaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Sharti lake walilisema hivi: anayekana kwamba yupo ndo anayefuatwa, na aliyetembelewa akinyamaza anarudiwa. Sasa hiyo si sheria ya gemu imeshaandikwa tayari?

Fanya hivi. Weka kikombe cha bati mezani na komwe za bao. Kila mchezaji akitamka "hakuna kitu" au "upepo tu huo", tumbukiza komwe moja, usieleze. Watasikia ule mlio tu. Zikifika tano, usiku huo kuna mtu anagongewa dirisha. Pointi za uhai usimpe hata moja, dadu litumie kwa mambo ya binadamu, jirani kakuamini au hajakuamini, umeweza kukaa macho mpaka adhana ya alfajiri au usingizi umekuzidi.

Yale ya kuingilia watu kitandani, ambayo ndo yalisemwa sana, yaache nje, hujui nani hapo mezani kabeba nini. Hofu ya kutosha iko kwingine. Wakati ule Unguja mtu mgonjwa wa akili alipigwa na kundi mpaka akafa, walidhani ndo yeye. Kwa hiyo usiku wa tatu mlete mgeni kijijini, maneno yake hayaeleweki, kalala chini ya mwembe, halafu nyamaza uone hao mashujaa wako watafanya nini.

Bibi mheshimu, hamieni barazani kwa mwenzenu. Ila kabla hamjahama kaa naye jioni umuulize habari za chunusi anayevuta waogeleaji, beba kalamu, manake akianza huyo utakesha.

SWALI: Sisi tuko Malindi, twataka mahali pa kuchezea stori ya majini, pasiwe pa kubuni. Gede yafaa?
Wachezaji watatu

JIBU: Yafaa sana, na mko karibu, nendeni mchana mkachore ramani wenyewe. Mji wa matumbawe katikati ya msitu, watu wakauhama karne ya 17, kuna kaburi lina tarehe ya 802 Hijria, yaani 1399. Mwanaakiolojia James Kirkman alipochimba kuanzia 1948, nyumba zikapewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani, Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma. Mie ningeanzia hapo hapo: kila kitu kina mwenyewe na kila mwenyewe anakitaka kirudi.

Na jini wenu awe yule wa pwani tunayemjua sote, mwanamke mzuri, buibui, harufu ya udi, miguu kwato. Mkimsimulia elezeni macho, sauti, hina ya mikononi, miguu msiitaje mpaka mchezaji aulize mwenyewe. Asiyeuliza, mwacheni aongozane naye mpaka kisimani.