Barabara za Kona na Tochi za Trafiki: Majibu kwa Wasomaji

Likizo ijayo nitakuwa Ulaya na gari kwa wiki mbili. Nataka barabara zenye mandhari nzuri, nifurahie usukani, lakini sitaki kurudi na rundo la faini. Nichague barabara pana iliyo wazi au ile nyembamba ya mlimani?
*Mpenzi wa usukani*

Chagua ya mlimani, bila kusita, na sababu iko kwenye hesabu ya kona. Msukumo unaokuvuta pembeni ukiwa ndani ya kona hupanda kwa mraba wa mwendo, na hupungua kadiri kona inavyokuwa pana. Chukua kona yenye nusu kipenyo cha mita 50. Ukiipita kwa kilomita 50 kwa saa, msukumo ni karibu asilimia 40 ya uzito wako, na hapo abiria tayari ameshika mpini wa mlangoni. Kwa 60 unafika asilimia 57. Kwa 70 unakaribia asilimia 80, kiwango ambacho tairi za kawaida kwenye lami kavu zinaanza kulia na kuishiwa mshiko. Maana yake ni kwamba utamu wote wa kona hiyo umo chini ya 60, wakati kibao cha nje ya mji kinakuruhusu 80.

Sasa chukua barabara pana ambayo kona zake zina nusu kipenyo cha mita 400. Kupata msukumo ule ule wa asilimia 40 utahitaji kama kilomita 143 kwa saa. Hapo ndipo wapenda magari wengi wanapokamatwa: wamechagua barabara isiyotoa raha yoyote ndani ya sheria, kisha wanaitafuta kwa kukanyaga mafuta.

Kwa hiyo kabla ya safari fungua ramani, ivute karibu uone kona moja moja. Tafuta kipande ambacho umbali kati ya kona na kona ni mita 100 hadi 300, chenye njia panda chache na vijiji vichache. Nafasi ikiwa fupi namna hiyo, gari la kawaida halipati muda wa kufika mwendo wa kukuponza kabla kona inayofuata haijakudai breki.

Stelvio ya Italia ndiyo inayotajwa sana: inafika mita 2,757 juu ya usawa wa bahari na ina kona za U 48 upande wa kijiji cha Prato pekee. Iende mara moja uione, lakini kwa kuendesha si chaguo letu la kwanza. Kona zake zimebana mno, baiskeli na pikipiki ni nyingi, na wikiendi ya kiangazi utakuwa nyuma ya basi kutoka chini hadi juu. Grossglockner ya Austria, iliyofunguliwa mwaka 1935, ni bora zaidi kwa mtu wa usukani. Ina kilomita 48, kona za U 36, lami nzuri, na unaona mbali. Inalipiwa ushuru, hufungwa usiku na majira ya baridi, na ukiingia asubuhi mara tu lango linapofunguliwa utapata saa nzima ya amani. Furka ya Uswisi, mita 2,429, nayo haichoshi. Romania wana Transfăgărășan, inayofika mita 2,042; kipande cha juu kwa kawaida hufunguliwa mwishoni mwa Juni au Julai na kufungwa theluji ikirudi, basi usipange safari ya Mei.

Uswisi ina sheria za kukariri. Nje ya miji ukizidisha kikomo kwa kilomita 30 kwa saa au zaidi, hilo ni kosa zito na unanyang'anywa haki ya kuendesha nchini humo kwa angalau miezi 3. Ukizidisha kwa 60 penye kikomo cha 80, umeingia kwenye kundi la makosa ya jinai yenye kifungo, na gari linaweza kutaifishwa. Halafu kwenye barabara za mlima zenye kibao cha buluu chenye tarumbeta ya njano, basi la posta lina haki ya kupita kwanza. Dereva wake akikuashiria urudi nyuma, rudi.

Jambo la mwisho, na ndilo linalowakamata wageni wengi kuliko yote: Italia, Ufaransa na Ujerumani, kibao chenye jina la mji ndicho kinachoanzisha kikomo cha 50. Usisubiri kibao cha namba. Mara nyingi hakipo. Unatoka mlimani ukiwa na 80 halali, unapita jina la kijiji cha nyumba kumi, na tayari umezidisha kwa 30. Ukiliona jina, ondoa mguu kwenye mafuta pale pale.

Nikiona kamera napunguza, nikishaipita naendelea. Mbona bado nimeletewa barua ya faini, na picha haikupigwa mahali nilipopunguza?
*Msomaji mwenye hasira*

Umepita kwenye kamera za wastani. Ziko mbili au zaidi. Ya kwanza inasoma namba ya gari na saa uliyopita, ya mwisho inafanya vivyo hivyo, na kompyuta inagawa umbali kwa muda. Hapo katikati hakuna wa kukupiga tochi, kwa sababu hahitajiki.

Fanya hesabu mwenyewe. Kipande cha kilomita 10 chenye kikomo cha 80 kinataka dakika 7 na nusu, si pungufu. Ukikimbia kilomita 5 za kwanza kwa 110, umetumia dakika 2 na sekunde 44. Ili uwe salama, kilomita 5 zilizobaki lazima uziende kwa 62 au 63 hivi hadi mwisho. Kufunga breki mbele ya nguzo ya kamera hakusaidii chochote, na nyuma yako yupo mtu ambaye hakutarajia breki hiyo.

Kamera hizi zimewekwa kwa makusudi kwenye barabara zinazopendwa. Uingereza, barabara ya A537 kati ya Macclesfield na Buxton, maarufu kama Cat and Fiddle, ilikuwa na sifa mbaya ya ajali za pikipiki. Leo inapimwa kwa wastani, kikomo maili 50 kwa saa. Ni barabara nzuri bado. Weka kidhibiti mwendo pale tu ilipo nyoofu, na kwenye kona kizime uendeshe kwa mguu.

Ninunue kifaa cha kunasa mawimbi ya tochi?
*Msomaji*

Hapana. Ufaransa na Uswisi vimepigwa marufuku, Ujerumani dereva haruhusiwi kukitumia wala kutumia programu ya simu kwa kazi hiyo akiwa anaendesha, na Marekani jimbo la Virginia linavikataza. Tena dhidi ya tochi ya leza hakikusaidii sana hata pale kinaporuhusiwa. Mwale wa leza ni mwembamba, askari anaulenga kwenye namba ya gari lako peke yake, na kipimo kinapatikana kwa chini ya sekunde moja. Kifaa kinapolia, mwendo wako umeshaandikwa.

Spidomita ilisema 80 kamili lakini barua ya trafiki inasema 82. Nani mwongo?
*Dereva wa tairi kubwa*

Jina ulilojiita limetupa jibu. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39, inayofuatwa na watengenezaji wengi, inasema spidomita isionyeshe kamwe mwendo mdogo kuliko wa kweli. Inaweza kuzidisha hadi asilimia 10 pamoja na kilomita 4 juu yake. Gari likiwa kama lilivyotoka kiwandani, 80 ya kwenye dashibodi huwa kwa kawaida ni 75 hadi 78 za kweli.

Tairi kubwa zinakula akiba hiyo. Ukitoa tairi za ukubwa wa 195/65 R15 ukaweka 205/65 R15, kipenyo kinatoka kama milimita 634 hadi 647, yaani asilimia 2 zaidi. Kila mzunguko gari linasogea mbele zaidi, na spidomita haijui. Tairi mpya badala ya zilizoisha zinaongeza asilimia 2 nyingine hivi. Kama spidomita yako haikuwa na akiba kubwa tangu mwanzo, tofauti yenu ni hiyo hapo. Linganisha na GPS kwenye barabara tambarare na nyoofu, mwendo mmoja kwa nusu dakika. Usilinganishe kwenye kona wala karibu na handaki, kwa kuwa hapo GPS inachelewa.

Najua utauliza kuhusu nafuu ya kipimo, yaani kiasi kinachokatwa kwenye mwendo uliopimwa kabla ya kuandika faini. Ujerumani hukata kilomita 3 kwa mwendo wa chini ya 100, na asilimia 3 kuanzia hapo kwenda juu. Ufaransa, kwa kamera zilizosimikwa, ni 5 na asilimia 5. Nafuu hiyo imewekwa kufidia makosa ya mashine. Anayeihesabu kama ruhusa ya kuongeza mwendo hubaki bila kinga siku mashine inapokosea na kuzidisha.

Nikishuka mlima mrefu breki zinatoa harufu ya kuungua, na mara moja pedali ilizama karibu na sakafu. Fundi anasema pedi ni nzima. Tatizo ni nini?
*Mshuka milima*

Ndugu yetu, swali lako lina uzito kuliko faini zote zilizotajwa humu. Acha kushuka milima na gari hilo mpaka mafuta ya breki yabadilishwe.

Gari la kilo 1,500 likishuka mita 1,000 za wima linapaswa kumwaga karibu megajuli 15 za nishati, moto wa kuchemsha zaidi ya lita 40 za maji baridi. Ukishuka na mguu juu ya breki, joto lote hilo linakwenda kwenye diski na pedi, na kutoka pedi linahamia kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Lakini yananyonya unyevu kidogo kidogo kupitia mipira na kifuniko, na yakishashiba maji kiwango cha kuchemka kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka, mvuke unatokea ndani ya mabomba. Mvuke unabonyezeka, mafuta hayabonyezeki, na ndiyo maana pedali ilizama. Ikipoa kila kitu kinarudi sawa, kwa hiyo fundi haoni kitu. Mafuta yabadilishwe kila miaka 2 hata kama gari halitembei sana.

Dalili ya pili ni tofauti, usiichanganye na hii: pedali ni ngumu, imesimama, lakini gari halishiki. Hapo pedi ndizo zimepita joto lake. Zipoze, kisha zikaguliwe kama uso wake umekuwa kioo.

Namna ya kushuka ni hii. Kabla mteremko haujaanza, weka gia ile ile ambayo ungepandia mlima huo, au moja chini yake. Mara nyingi ni ya pili. Injini ya petroli iliyo nzima haiumii kwa mizunguko 3,000 hadi 4,000 kwa dakika. Kwenye otomatiki tumia L, 2 au M, na kwenye haibridi tumia B. Mwendo ukipanda, kanyaga breki kwa nguvu na kwa muda mfupi, punguza kilomita 15 hivi, kisha achia kabisa zipigwe na upepo. Kinachoua breki ni kule kuziburuza kidogo kidogo kwa kilomita nzima.

Wenye magari ya umeme nao wajihadhari: betri ikiwa imejaa kabisa kileleni, haina pa kuweka nishati ya kushukia, na breki za kawaida zinabeba mzigo wote. Usichaji hadi asilimia 100 hotelini juu ya mlima.

Harufu ikishatoka, tafuta sehemu pana uegeshe, weka gia, zuia tairi kwa jiwe, na usivute breki ya mkono ngumu juu ya diski zenye moto. Maji usimwage, diski ya chuma itapinda au kupasuka. Subiri nusu saa.

Kuna mahali pa kukimbia kihalali, nimalize hamu?
*Kijana wa mwendo*

Nordschleife, njia ya mbio za magari ya Nürburgring, Ujerumani: kilomita 20.8, ipo tangu 1927, na siku za wazi unalipa kwa mzunguko ukiwa na gari lako. Lakini sheria za barabarani za Ujerumani zinatumika humo, kulipita gari jingine ni upande wa kushoto tu, na kujipima muda ni marufuku. Soma bima yako kwanza, kwani nyingi haziligusi eneo hilo, na magari ya kukodi ya kawaida yamekatazwa kwa mkataba. Ukigonga kingo za chuma, unalipia wewe.

Nilikodi gari Italia mwaka jana. Miezi minane imepita, kadi yangu imekatwa pesa na kampuni ya kukodi, kisha barua imefika. Nimelipa mara mbili?
*Mtalii*

Hapana, ni vitu viwili. Fedha iliyokatwa kwenye kadi ni ada ya kampuni kwa kuwapa trafiki jina na anwani yako, na iliandikwa kwenye mkataba uliosaini. Faini yenyewe ndiyo hiyo barua. Italia wana siku 360 za kumfikishia notisi mtu anayeishi nje ya nchi, kwa hiyo miezi minane iko ndani ya muda. Ukilipa ndani ya siku 5 tangu kuipokea, kwa makosa mengi ya mwendo unapunguziwa asilimia 30. Bahasha iweke na tarehe yake, angalia namba ya gari kwenye notisi ilingane na ya mkataba, na saa ya kosa iwe ndani ya muda uliokuwa na gari. Isipolingana, pinga kwa maandishi kabla ya kulipa, maana ukishalipa kwa kawaida nafasi ya kupinga inafungwa.